Mfuko wa simu kwenye dera

Juzi mteja kaniletea kitambaa cha dera, akashusha sauti: "Fundi, niwekee na mfuko kama wa yule dada wa maandazi." Nikajua hapohapo. Naye kaweka programu ya kuhesabu hatua.

Mfuko wenyewe naushona ubavuni kulia, ndani ya mshono, chini kidogo ya kiuno. Kina chake kiganja kimoja na vidole viwili, simu isichungulie vibaka wakaiona. Ndani naweka pamba nzito, maana kitambaa cha dera ni chepesi na simu hukivuta upande. Lazima simu ikae mwilini. Ndani ya simu kuna kihisi kidogo kinachopokea mtikisiko kila mguu unapotua. Ukiiacha dukani kwenye chaji, hata ungetembea mpaka Kibaha haina habari.

Mimi ni fundi cherehani, Tabata Kimanga, huu mwaka wa kumi na saba. Kazi ya kukaa. Mwaka 2022 nilipimwa sukari, ikawa juu. Daktari akaniandikia dawa, akanieleza kwa upole nijitahidi kutembea dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Nikaitikia, nikarudi kwenye kiti changu. Mara ya pili akaniambia vilevile, mara ya tatu vilevile. Si kwamba sikuogopa. Mama yetu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na mimi ndiye niliyekuwa namfunga vidonda. Ila hofu ile ilinijia usiku taa ikishazimwa. Asubuhi wateja wakianza kugonga, ilikuwa imeshapotea.

Aliyenitoa kwenye kiti ni dada yangu. Anaishi Muscat, mtaa wa Al Khuwair. Mwaka 2023 alikuja kula Idi nyumbani, akachukua simu yangu, akaniwekea programu na kuiunganisha na yake, kila mmoja aone hatua za mwenzake. Akaondoka. Siku tatu sikuifungua. Siku ya nne nikapata ujumbe: "Mdogo wangu, u mzima? Mpaka saa hii naona hatua 611 tu."

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Tangu mama afariki hakuna aliyewahi kuniuliza mwili wangu umeshindaje. Kazi nilikuwa naulizwa, nguo itakuwa tayari lini, ada imelipwa. Mwili, hapana. Jioni ile nilifunga duka kabla ya Magharibi, nikashika njia mpaka Segerea na kurudi. Nilipofika mlangoni, jibu likawa limeshaingia: "Maashallah. Kesho tena."

Tangu hapo nimekuwa nikiwasikiliza wateja kwa sikio jingine. Mtu ukimpima kifua na kiuno hukueleza mengi. Mmoja anataka tumbo lirudi baada ya uzazi, mwingine ana presha, mwingine mwezi ujao ni mama wa bibi harusi na gauni limeshakatwa. Sababu hizo ni za kweli, lakini wengi wao wamekuwa nazo miaka. Mimi huuliza: "Nani alikuwekea?" Hapo ndipo mtu hutajwa. Muuza maandazi aliwekewa na bintiye anayesoma chuo Dodoma. Mwingine alimfuata shoga yake wa kwaya. Bado sijampata aliyeniambia ameitafuta mwenyewe kwa kuogopa ugonjwa peke yake.

Jambo jingine ni bando. Simu huhesabu hatua bila intaneti. Bando linahitajika pale tu unapotaka mwenzako azione. Ingekuwa inakula bando kutwa nzima, mtaani kwetu isingeenea.

Kinachonisikitisha ni ile namba 10,000. Mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye magoti mabovu, aliifungua programu akakuta lengo lake limeshaandikwa hatua 10,000. Akatembea siku mbili, akafikisha 3,800 na 4,100, akaona ameshindwa, akaifuta. Namba ile haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa! Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri wao miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ilizidi kupanda mpaka karibu 7,500, ikatulia hapo. Yule mama alikuwa ameshafika mahali pazuri, simu ikamwambia hajafika. Nilimfuata mpaka kwake nikamweleza, tukashusha lengo likawa 4,000. Sasa anatembea na mjukuu wake.

Mimi mwenyewe natumia cherehani ya miguu. Mwanzoni nilikaa na simu mfukoni nikikanyaga, nikaona hatua zinapanda na mimi nimeketi. Dada asingejua kamwe. Nikaitoa, na tangu siku hiyo nikishona simu inakaa rafuni, juu ya makopo ya vifungo. Zile hatua anazoziona kule nataka ziwe za miguu yangu kweli.

Yeye naye ana shida zake. Kiangazi Muscat joto hupita nyuzi 40, hata baada ya Isha lami bado inatoa moto, hivyo huzunguka ndani ya maduka makubwa kwenye kiyoyozi. Majira ya baridi hurudi ufukweni Mutrah, akanitumia picha ya majahazi. Saa zao zimetutangulia kwa saa moja, kwa hiyo saa tano usiku ya kwangu siku yake inafungwa, anaanza sifuri. Kila usiku muda huo hunitakia usiku mwema, nami namjibu shikamoo.

Sasa hivi ni saa nne na nusu. Yeye ana 7,212, mimi 6,940. Navaa kandambili, nazunguka uani mpaka ujumbe wake uingie.