Kurudisha msitu wa kelpu: kazi kubwa iko kabla ya kupanda

Kelpu, yaani ule mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi, haihitaji mkulima. Ikipata mwamba safi, mwanga, maji baridi na spora, yaani chembe zake ndogo mno za uzazi, kutoka kwa majirani, inaota yenyewe. Kwa hiyo ukikuta mwamba mtupu mahali palipokuwa na msitu, anza kwa kuuliza ni nini kinachoizuia kurudi. La kupanda nini lisubiri.

Sydney, zuio lilikuwa umbali. Mwani aina ya Phyllospora comosa, ambao si kelpu hasa lakini nao hujenga msitu, ulitoweka miaka ya 1980 kwenye kilomita 70 hivi za pwani ya jiji, na yanayoshukiwa ni maji taka. Maji yalisafika baadaye, lakini mwani haukurudi, maana mbegu zake hazisafiri mbali. Hapo kupandikiza kuna maana: mimea mikubwa, dume na jike, ilifungwa kwenye wavu uliopigiliwa mwambani, na watoto wakaanza kuota nje ya wavu.

Kaskazini mwa California hali ni nyingine kabisa. Viti vya pweza, yaani nyota wa bahari wanaowala nungu, walianza kufa kwa ugonjwa mwaka 2013, likafuata wimbi la joto la 2014 hadi 2016. Nungu wa bahari, wale viumbe duara wenye miiba, wakabaki bila wa kuwala, na zaidi ya asilimia 90 ya kelpu ikaisha. Ukipanda hapo bila kuwapunguza, umewaletea chakula tu.

Na kuwapunguza kidogo hakusaidii. Idadi inayoruhusu msitu kurudi ni ndogo mno kuliko ile iliyouangusha. Kwa jumla tofauti ni kama mara kumi. Kwa nungu wa zambarau, lenga chini ya wawili kwa mita ya mraba. Wahesabu kwa fremu ya mita moja kwa moja na umulike ndani ya nyufa, kwani wanaojificha humo ndio watakaotoka ukishaondoka. Wanaweza kukaa miaka na njaa wasife, kwa hiyo panga kurudi tena na tena. Chagua mwamba uliozungukwa na mchanga, kwa kuwa nungu huvuka mchanga kwa shida.

Kuhusu joto, usitegemee picha za satelaiti: zinaona uso wa maji tu. Funga vipimajoto chini kabisa, kwenye kina utakachopanda, virekodi kila nusu saa kwa mwaka mzima. Kelpu kubwa, Macrocystis, huanza kudhoofika maji yakipita nyuzi 20 hivi, na maji ya moto huja na upungufu wa naitreti, ambayo ni chakula chake, hivyo inaungua na kufa njaa kwa pamoja. Penye maji baridi yanayopanda kutoka kilindini pape kipaumbele. Australia Magharibi, wimbi la joto la 2011 lilifuta kelpu kwenye kilomita 100 hivi, kisha samaki wa maji ya joto wakawa wanatafuna kila chipukizi. Sehemu ya namna hiyo mimi singeiweka hata kwenye orodha ya majaribio.

Mbegu sasa. Kata majani yenye mabaka meusi ya spora kutoka mimea mingi, mingine ya hapo hapo na mingine ya ukingo wa joto wa eneo lake, kisha uwajaribu watoto wao kwenye matangi yenye joto mbalimbali. Majani yenyewe yafute, yakaushe, yafunge kwenye karatasi, yalaze gizani penye baridi. Kesho yake yatie kwenye maji ya bahari baridi yaliyochujwa. Mara nyingi ndani ya saa moja spora hutoka na maji hugeuka kahawia. Usizimwage spora hizo kwa uchache: dume na jike wanaotokana nazo wakiota mbali zaidi ya milimita moja hivi, hawazai. Chini ya taa nyekundu hukua bila kuzaa, na hivyo ndivyo benki ya mbegu inavyotunzwa.

Changarawe iliyooteshwa kelpu hadi sentimita 2 au 3, njia iliyojaribiwa Norwei, hurushwa tu kutoka kwenye mashua, haihitaji mzamiaji. Penye mawimbi makali, hata hivyo, mawe hubingirika na miche ikasagika. Huko funga miche mwambani kwa boliti.