Silva iliposhuka wakaniambia niuze zote, nikagoma

Naomba washauri wa kijiweni Mwanjelwa waniache kidogo. Bei ya silva, yaani madini ya fedha, iliposhuka kila mtu akawa mtaalamu, "uza zote, hizo kampuni zote kwisha habari yake". Wakati mimi nina hisa za aina mbili, shemeji yuko Kanada ndo alininunulia, za mchimbaji mwenyewe na za kampuni ya strimingi, yaani hiyo haichimbi hata shimo la choo, inampa mchimbaji hela mapema halafu miaka na miaka inanunua sehemu ya silva yake kwa bei ya chini waliyokubaliana. Mtu wa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, hapo keshaelewa, ni sponsa huyo, yule anayetoa hela ya kuchimba halafu anapata mgao, ila huyu hakai duarani, yaani shimoni, kuhesabu viroba vya mawe.

Mgumu alikuwa mjomba, maana hela nyingine yake. Nikamfungulia ripoti kwenye simu, akasinzia. Nikamwonyesha grafu, akauliza hii ni milima ya Rungwe au? Basi nikachana boksi la sabuni nikachukua makapeni: silva dola 20, mchimbaji kutoa aunsi moja inamgharimu 15, anabaki na 5. Sponsa analipa 5, anabaki na 15. Ishuke hadi 16, mchimbaji ana dola 1 tu, sponsa bado ana 11. Namba za mfano tu hizo, ila mzee akaninyang'anya peni akaandika mwenyewe 14, akacheka mpaka akakohoa, "huyu sasa anachimba madeni!"

Halafu akauliza la maana: mgodi ukifungwa, sponsa anakula nini? Hali kitu mjomba. Ndo maana unaangalia mgodi wenyewe, silva nyingi duniani inatoka kama nyongeza kwenye shaba, risasi, zinki na dhahabu. Antamina ya Peru wanafuata shaba na zinki, silva ikishuka hawafungi geti. Mkataba wa pale Silver Wheaton, kampuni ya strimingi, aliingia na Glencore, mmoja wa wenye mgodi huo, 2015, akatoa dola milioni 900, na kila aunsi analipa asilimia 20 ya bei ya soko, kwa hiyo bei ikishuka na yeye analipa kidogo.

Ila sponsa naye anaumia jamani, silva ilikaribia dola 50 Aprili 2011, mwisho wa 2015 iko chini ya 14, na mwaka huo Silver Wheaton, siku hizi Wheaton Precious Metals, ikabidi ishushe vitabuni thamani ya baadhi ya mikataba.

Tukauza za mchimbaji, za sponsa tukabaki nazo, makato kama elfu themanini hivi. Mjomba anatangaza mtaa mzima kuwa hesabu alipiga yeye.