Tarangire: Asubuhi ya Chozi, Mchana wa Tembo

Tuliingia Hifadhi ya Tarangire saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, na hatukuanza na tembo. Tulianza na chozi kifua-chekundu. Ndege wa gramu 12 hivi hana subira: mwili mdogo hupoteza joto haraka, na usiku kucha hajala, kwa hiyo jua likichomoza tu anakimbilia maua. Tuliegesha kando ya mishubiri iliyochanua na kuzima injini, maana mtetemo wa gari hutikisa darubini kuliko mkono. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya milimita 42) inatosha. Ya 12x hutikisika hata ukiiegemeza dirishani, na chozi hatulii.

Dume ni mweusi, kifua chekundu, na utosi wa kijani unaong'aa pale tu jua linapompiga vizuri. Jike ni kahawia, kifua kina madoadoa. Wengi hukosea hapo. Angalia mdomo uliopinda. Chozi alining'inia kwenye bua na kufyonza nekta kwa ulimi ulio kama mrija, ncha yake imepasuka.

Kufikia saa tano chozi walijificha kivulini, tembo wakashuka mtoni. Tembo jike wa tani 3 ni uzito wa chozi 250,000, na shida yake ni kinyume: joto linajaa ndani na ngozi haitoshi kulitoa. Ndiyo maana hupepea masikio. Damu inapita kwenye mishipa ya sikio, inapoa, inarudi mwilini. Walichimba mchanga kwa miguu ya mbele, wakasubiri maji yajae shimoni. Tembo hanywi kwa pua, ingawa wengi hudhani hivyo: mkonga huvuta maji, kisha huyamimina kinywani.

Sikio linalopepea polepole ni la kujipoza. Masikio yakitanuka na kichwa kikainuka, rudisha gari nyuma taratibu. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo ukidondoka miguuni, usimkaribie hata akiwa anakula.

Saa kumi na moja ndama alipita chini ya mgunga. Kiota cha chozi, kifuko cha nyasi kavu kilichoshikizwa kwa utando wa buibui, kilining'inia kidogo tu juu ya mgongo wa mama yake. Mayai ya chozi huanguliwa kwa wiki mbili hivi. Ndama huyo alibebwa miezi 22. Mama alivunja tawi la pembeni, akalitafuna, wakaenda.