Kuwafundisha wagumu kulegea

Nimemaliza jamani! Ijumaa iliyopita ndo nimemaliza mafunzo ya ualimu wa yin yoga, ile yoga ya kulegea na kukaa kwenye mkao mmoja kwa dakika kadhaa, saa 50, na wiki nzima nimeshindwa kuandika maana kila nikishika simu nakuta mambo ni mengi, basi leo naandika tu yatoke yanavyotoka.

Kwa wasionijua, mi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka minne kabla sijaanza kuongoza wageni. Mgumu, kama tunavyoitana wenyewe. Kilo 20 za mzigo kichwani au shingoni na begi lako mwenyewe mgongoni, siku sita saba, alafu mwisho mnashuka kutoka Barafu, mita 4,600 na kitu, mpaka geti la Mweka kwenye mita 1,600 na kitu, na huko kushuka ndiko magoti yanakoumia kuliko kupanda, muulize mgumu yeyote pale Moshi atakwambia. Kwahiyo yoga mi nilianza kwa ajili ya magoti na kiuno tu, sikufata kingine.

Na mwanzo wake haukuwa mzuri. Kuna darasa moja nilihudhuria zamani, tukakaa mkao wa kipepeo, nyayo zimegusana magoti yamefunguka pembeni, ya wenzangu yanakaribia kugusa chini na yangu yako juu kama mlima na kamlima kake. Mwalimu akaja nyuma yangu akayakandamiza kwa mikono yake, eti nifungue nyonga. Nilitoka pale nachechemea, na kibaya zaidi nikaondoka naamini kabisa kwamba mwili wangu mizigo imeshauharibu, basi.

Sasa siku ya pili ya mafunzo haya tukaoneshwa picha za mifupa ya paja ya watu tofauti, zile ambazo Paul Grilley, mwalimu maarufu wa yin wa Marekani, amezitumia sana kwenye kufundisha kwake, na aisee nilitulia kimya. Mfupa wa huyu shingo yake imelala, wa yule imesimama, mwingine umejipinda kwenda mbele, na kile kikombe cha nyonga unamoingia nacho kwa mwingine kinatazama mbele kwa mwingine pembeni. Yaani kuna mtu magoti yake hayatagusa chini hata afanye mazoezi miaka 30, kwasababu pale kinachomzuia sio msuli, ni mfupa umekutana na mfupa, na mfupa hauvutiki. Kumbe sikuwa mbovu! Nililia kidogo siku ile na sioni aibu kusema.

Toka hapo mwalimu wetu akawa anauliza swali moja tu, unasikia wapi? Haulizi umefika wapi wala mkao umependeza vipi. Ukisema nasikia kuvuta ndani ya paja, sawa, kaa hapo. Ukisema nasikia kubanwa kwenye nyonga, basi umefika mwisho wako, rudi kidogo. Na ukisikia ganzi au kama shoti ya umeme, toka haraka, hiyo hakuna kuvumilia. Kwa wagumu hili somo ni gumu sana maana sisi tumezoea kuvumilia, ndo kazi yenyewe.

Yin kwa kifupi ni hivi: unakaa kwenye mkao mmoja dakika tatu mpaka tano, wengine zaidi, misuli umeilegeza, ili mvuto uende taratibu kwenye zile tishu ngumu zinazoshikilia viungo, hasa nyonga na mgongo wa chini. Ilianzia Marekani kwa Paulie Zink miaka ya 1970 mwishoni, Grilley akaiendeleza, jina lenyewe la Yin yoga likatoka kwa mwalimu mwingine, Sarah Powers. Yin kwa Kichina asili yake ni ule upande wa kilima wenye kivuli. Nilivyosikia hilo nikamkumbuka bibi yangu na kihamba chake, shamba la nyumbani, kule Kibosho, kahawa zake zote ziko chini ya migomba, alikuwa anasema kahawa ikipigwa jua tupu inachoka mapema.

Mama aliniuliza kama hii ni dini. Ni swali la maana na watu wa jumuiya yake wanaliuliza pia, kwahiyo nilimjibu kwa heshima na ukweli. Kwenye mafunzo tulifundishwa habari ya njia za nguvu mwilini, ini, figo, kibofu, ni elimu ya Kichina ambayo Grilley aliipata kwa Hiroshi Motoyama wa Japani. Mi kwenye darasa langu siifundishi. Nafundisha kile mtu anaweza kukisikia mwenyewe kwenye nyonga yake, basi.

Kilichonisumbua zaidi ni lugha. Mafunzo yote ni Kiingereza, na mi ninaotaka kuwafundisha ni Waswahili. Mikao ilikuwa rahisi, kipepeo, kiwavi, chura, tandiko. Ila kuna ile sehemu mwili unapoanza kukataa, nilihangaika siku tatu nzima niiiteje kwa Kiswahili. Mwisho nikapata: piga hodi. Unaenda mpaka mlangoni kwa mwili wako unapiga hodi unasubiri. Usisukume mlango. Ukiitikiwa karibu utaingia kidogo, na ukipiga hodi mara ya tatu kimya, unarudi zako nyumbani bila kinyongo, utakuja siku nyingine. Nilivyosema hivyo kwenye zoezi la kufundisha, wale wenzangu wawili wa Arusha wakacheka kwa furaha na nikajua nimeshapata darasa langu.

Jumapili nikaanza. Rau, pale Moshi, uani kwa mama mdogo, wagumu saba, mikeka ya kawaida, mito ya sufi badala ya ile mito mirefu ya bei, na shuka za Kimasai maana Julai hii baridi mnaijua wenyewe. Nilijipangia kuongea kidogo. Kukaa kimya dakika nne mbele ya watu wanaokutazama ni kazi kweli, ulimi unataka kujaza, nikawa nahesabu pumzi zangu.

Kwenye kipepeo kuna kaka mmoja mkubwa, amepanda toka enzi mi niko shule ya msingi, magoti yake yako juu kabisa. Akaniangalia akaniuliza polepole, dada nimekosea? Nikachukua mito miwili nikaiweka chini ya magoti yake, moja huku moja huku, nikamwambia hapana kaka, hapo ndo mlangoni kwako. Akashusha mabega.

Jumapili hii tupo tena, saa kumi jioni. Njooni na shuka.