Daftari la madeni la mama
Nimetuma maombi ya chuo Marekani usiku huu. Naandika kabla sijalala, maana wadogo zangu wa kidato cha sita wananiuliza sana kuhusu ile insha binafsi.

Common App, fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, inakupa maneno 650 ya insha hiyo, hayazidi. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na "Tangu utotoni nina ndoto ya kuisaidia jamii yangu." Dada aliisoma hadi mwisho, akanirudishia simu. "Mdogo wangu, hii angeiandika mtu yeyote. Wewe uko wapi humu?" Iliniuma, lakini alisema kweli.

Siku ya tatu nikaandika kuhusu daftari la madeni la mama. Anauza vitumbua hapa Tanga, na shule hakufika mbali, kwa hiyo wateja wa mkopo aliwachora: baiskeli ni fundi, samaki ni muuza dagaa, kofia ni mzee wa jirani. Kila kitumbua, kijistari kimoja pembeni. Nilipokuwa darasa la nne nilifuta picha nikaandika majina, nikidhani namsaidia. Wiki ile hakuweza kumdai mtu. Daftari lake mwenyewe lilikuwa halimwambii kitu. Tukarudi kwenye picha.

Hapo insha ikaanza kutoka yenyewe. Aya nzima ya vyeti niliikata; fomu ina sehemu yake ya shughuli, hadi 10, na nyingine ya tuzo.

Jioni nilimsomea mama kwa Kiswahili, jikoni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kulitafuta daftari.