Tope la Machakos, matumbawe ya Malindi

Mto ni mmoja, majina ni matatu. Machakos na Makueni unaitwa Athi. Ukishapokea maji ya Mto Tsavo unakuwa Galana. Ukikaribia pwani watu wanauita Sabaki, na unamwagika baharini kaskazini mwa Malindi, kabla ya kufika Mambrui. Ndani ya bonde lake kuna jiji la Nairobi, viwanda, mashamba ya Kiambu, vilima vya Ukambani, mbuga ya Tsavo na malisho ya nyanda kame.

Mtu akisema mto huu umechafuka, inafaa aulizwe: umechafuliwa na nini, na uchafu huo unafika wapi? Uchafu wote hausafiri sawa. Maji taka ya Nairobi na udongo wa Machakos vinaingia mto mmoja, lakini vinaishia pahali tofauti, vinadhuru viumbe tofauti, na dawa zake hazifanani. Tukivichanganya, tutajenga mtambo wa kusafisha maji taka Nairobi kisha tushangae kwa nini miamba ya Malindi bado imefunikwa na tope.

Tuanze na maji taka. Kinyesi, damu ya machinjio, mabaki ya vyakula, vyote ni chakula cha bakteria, na bakteria wakila wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Katika mwinuko wa Nairobi, mita 1,600 na kitu juu ya bahari, maji safi ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 7 na nusu za oksijeni kwa lita. Ikishuka chini ya 4 au 5, samaki wengi huanza kutaabika. Ikiisha kabisa, wanabaki bakteria wasiohitaji hewa, na hao ndio wanaotoa ile harufu ya mayai viza na kuyapa maji rangi nyeusi.

Kipimo kinachotumika kisheria ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakitumia kwa siku 5 katika nyuzi 20. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Maji taka mabichi huwa na mamia. Lita moja ya maji taka mabichi inaweza kumaliza oksijeni ya makumi ya lita za maji safi, na kiangazi Mto Nairobi, unaomwaga maji yake kwenye Athi, hauna hayo makumi ya lita ya kuichangia.

Njia yanazoingilia zinajulikana. Nyumba za kupanga ambazo mafundi wameunganisha vyoo vyake na mtaro wa maji ya mvua kwa sababu bomba la maji taka liko mbali. Magari ya kunyonya vyoo yanayomwaga mtoni usiku ili kukwepa safari na ada. Bomba kuu linalozibwa makusudi kwenye shimo la ukaguzi ili maji yafurike na kumwagilia sukuma wiki. Na mabwawa ya kusafishia: tope linapojaa chini ya bwawa, nafasi ya maji inapungua, maji yanakaa siku chache kuliko zilizokusudiwa, na yanatoka hayajaiva. Bwawa halihitaji kuvunjika ili lishindwe kazi. Inatosha tu lisizolewe tope.

Kwa wanaopima oksijeni wenyewe: usipime saa sita mchana ukaridhika. Mwani wa mtoni hutengeneza oksijeni kukiwa na jua na kuivuta usiku, kwa hiyo mto mgonjwa unaweza kuonekana mzima adhuhuri. Pima kabla jua halijachomoza. Sampuli ya bakteria nayo ichukuliwe katikati ya mkondo, mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka, mkono wako ukiwa upande wa chini. Iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Chupa iliyoshinda kwenye buti la gari haikuambii chochote kuhusu mto.

Sasa, uchafu huu wa kuoza una tabia moja nzuri: mto ukipewa muda unaumaliza. Maji yanapogonga mawe na kuanguka kwenye maporomoko kama Fourteen Falls karibu na Thika, yanavuta hewa upya. Lile povu linalotisha pale ni sabuni na mabaki yakipigwa na hewa. Kufikia Tsavo wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya kilichooza Nairobi imeshaliwa, na hata naitrojeni imepungua sana. Anayeumia kwa maji taka ni mtu wa kati: anayechota, anayeogelea, anayenywesha ng'ombe na kumwagilia mboga kati ya Nairobi na Makueni. Yeye ndiye sababu tosha ya kurekebisha mabomba, hata kama asingekuwapo samaki mmoja Malindi. Mafuriko yakija hesabu hii inavurugika, kwa kuwa maji hupita mbio na kubeba mengi hadi baharini kabla bakteria hawajapata nafasi.

Lipo jambo jipya linalonipa wasiwasi zaidi. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, litafanya maji haya yasimame. Fosforasi iliyomo kwenye maji taka haiondoki kwa kupata hewa kama kinyesi kinavyooza. Hujishika kwenye chembe za udongo, hutulia chini ya bwawa, na maji ya chini yakikosa oksijeni huachiliwa tena. Maji yaliyotulia, jua la Makueni na fosforasi ni mahali pazuri pa mwani wa kijani-buluu, ambao aina zake nyingine hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha maji. Kwa hiyo fosforasi izuiwe Nairobi. Ikishaingia bwawani, kuitoa ni kazi ya miaka.

Tope ni habari nyingine kabisa. Haliozi, haliliwi, halipungui kwa hewa. Punje ya mchanga yenye upana wa robo milimita inazama mita moja kwa chini ya dakika moja. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye mikroni 2 (elfu mbili za milimita) inahitaji kama siku tatu kuzama mita hiyo hiyo, tena kwenye maji yaliyotulia kabisa. Mto unaotiririka hauipi nafasi hiyo. Ikishatoka shambani, kituo chake cha uhakika ni bahari.

Na bahari inaipokea kwa namna ambayo unaweza kuitazama mezani. Chukua chupa mbili za lita moja zinazoonyesha ndani, uzijaze maji yenye udongo mwekundu, ukoroge, uache kwa dakika 10 ili mchanga ushuke. Kwenye chupa moja ongeza gramu 35 za chumvi, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, utikise mpaka iyeyuke. Ziweke zote dirishani. Ile isiyo na chumvi itabaki kama chai ya maziwa mpaka kesho. Kwenye ile ya chumvi utaanza kuona vinyuzinyuzi, kisha mabonge madogo kama maziwa yaliyokatika, kisha mstari wa maji meupe unaoshuka kutoka juu. Chumvi imeondoa nguvu iliyokuwa ikizifanya chembe zisukumane, zimeshikana, zimekuwa nzito, zinaanguka. Ndivyo inavyokuwa mlangoni mwa Sabaki: mfinyanzi uliosafiri kutoka Ukambani unaanza kuanguka karibu tu na mto unapokutana na bahari, na mawimbi yakiukoroga unainuka tena na kwenda upepo unakoupeleka.

Upepo ndio unaoamua. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani unaelekea kaskazini, na tope la masika linakwenda Mambrui na Ngomeni. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka: tope linasukumwa kusini, kwenye ghuba ya Malindi na kuelekea hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Sasa angalia kalenda ya Ukambani. Mvua ya kutegemewa kule ni vuli. Oktoba mashamba yamelimwa na hayana hata jani. Mvua kubwa za Novemba zinapiga udongo mtupu, mto unageuka mwekundu, na tope linafika baharini kaskazi ikianza kushika. Mvua inayomlisha mkulima wa Mwala kule Machakos ndiyo inayopeleka shamba lake juu ya matumbawe ya Malindi.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wanaoishi na mwani ndani ya mwili wao, na mwani huo unahitaji jua. Tope linafunika jua, na likiwatulia juu, wanyama hao hutoa ute ili walitelezeshe lidondoke. Ute huo ni chakula walichojinyima. Wakifanya hivyo siku mbili tatu wanaweza kustahimili, ila si kwa miezi. Hata wakistahimili, watoto wao wanaoelea hawawezi kushika kwenye mwamba uliopakwa tope, kwa hiyo panapokufa tumbawe hapazaliwi jingine.

Matumbawe hayo hayo yameweka kumbukumbu. Yale ya aina ya Porites hukua kama sentimita moja kwa mwaka na kuacha pete kama za mti. Bariamu (aina ya madini) iliyoshikamana na mfinyanzi huachiliwa ikikutana na maji ya chumvi, na tumbawe huiingiza kwenye mfupa wake. Tumbawe moja la Malindi lenye rekodi ya takriban miaka 300, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2007, linaonyesha bariamu kidogo kwa miaka mingi, kisha ikipanda kuanzia mapema karne ya 20. Ni wakati ule walowezi walipochukua ardhi na wenyeji kubanwa kwenye maeneo waliyotengewa pamoja na mifugo yao. Serikali ya kikoloni ilipoona makorongo iliwalaumu wenye ng'ombe, ikaanza kuwanyang'anya mifugo na kuiuza, mpaka Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu wakaenda Nairobi kupinga mwaka 1938. Nalitaja hili kwa sababu bado wapo wanaomwona mkulima kama adui wa bahari. Wakamba hao hao baadaye walichimba matuta milima mizima, kwa kuwa waliona faida yake shambani mwao.

Tuta lenyewe ni fanya juu: unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Nafasi kati ya tuta na tuta haikisiwi kwa macho. Chukua mteremko kwa asilimia, gawanya kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni mita za mshuko, yaani kimo cha kwenda chini kati ya tuta na tuta. Shamba la asilimia 10 linapata mita 1.35 za mshuko, yaani tuta kila mita 13 na nusu. La asilimia 20 linapata tuta kila mita 10 na nusu. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 60, na kati ya mtaro na udongo uliotupwa uache ukingo wa sentimita 15 hadi 30. Wengi huusahau ukingo huo, na mvua ya kwanza inarudisha udongo wote mtaroni.

Kosa kubwa zaidi ni usawa. Mstari unapimwa kwa fito mbili za urefu mmoja, kamba ya mita 10 na pimamaji ndogo inayoning'inia katikati kabisa. Ikiwa nusu mita pembeni, kamba inalegea upande na kipimo kinadanganya. Mtaro ukiwa na bonde hata la sentimita chache, maji yote ya shamba yanakusanyika hapo, yanapasua tuta, yanashukia la pili na kulipasua nalo. Ndiyo maana kazi inaanzia juu ya kilima na kushuka. Nepia au nyasi nyingine ya kushika udongo ipandwe juu ya tuta mvua inapoanza, na uchimbaji uwe umekwisha Septemba.

Hata tuta bora halistahimili maji ya barabara. Barabara ya murram hukusanya mvua ya kilomita nzima na kuimwaga kwa kalvati moja kwenye shamba la mtu, na makorongo mengi makubwa yanaanzia hapo. Maji hayo yanahitaji mitaro ya kuyatoa mara nyingi na kidogo kidogo, kila mmoja ukiishia kwenye nyasi au kwenye shimo la kuvuna maji, na hiyo ni kazi ya kaunti inayotengeneza barabara, si ya mkulima mwenye jembe. Vivyo hivyo ukingo wa mto: kanuni zile za 2006 zilikataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika, lakini kigingi cha kuonyesha pale ni wapi hakipo. Bila kigingi, kila msimu jembe linasogea hatua moja kuelekea majini, na mchanga unaochotwa chini ya ukingo huo kwa malori unaumalizia kuuangusha.

Chini kabisa, kando ya Sabaki, kuna visima vya Baricho vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Maji yake yanachujwa na mchanga na kokoto za bonde la mto wenyewe. Mchanga huo unazuia bakteria vizuri, lakini hauzuii naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, na mfinyanzi mwingi unaweza kuziba vinyweleo vyake.