Babu, upepo na roketi za Andøya

Aprili 2019 nilikuwa kwa babu Kongwa, mtama ushatoa masuke, watoto wanashinda shambani kuamia ndege, na mtandao mpaka upande kile kichuguu cha nyuma ya zizi. Ndo hapo nikapakua video ya Andøya, kaskazini mwa Norwei. Tarehe 5 usiku NASA walirusha roketi mbili, angani kukatokea mawingu ya bluu na zambarau, pembeni aurora, ile mianga ya angani ya karibu na ncha za dunia, ya kijani inacheza.

Babu akaangalia, akataka nirudie. "Sasa mjukuu wangu, hayo mawingu ya kazi gani?"

Nikamwambia wanapima upepo. Hapo nikampata, maana mzee huyu asubuhi hata chai hajanywa keshatoka nje kuuangalia upepo unatoka wapi. "Na huko juu upepo upo?" Upo babu, tena mkali hasa. Roketi zinamwaga metali mbili, bariamu na strontiamu, kuanzia kilomita 115 hadi 250 juu, halafu wanapiga picha waone vinasukumwa wapi, ile bariamu iliyochajiwa na jua inafuata sumaku ya dunia na isiyochajiwa inakwenda na upepo, kwa hiyo vinaachana pale pale unaona kwa macho.

"Puto haifiki?"

Haifiki, kilomita 40 hivi ishachoka, na satelaiti nayo ikishuka huko hewa inaikokota mpaka inaanguka. Roketi ndo inapita mle mle, ila dakika chache tu, ndo maana kuna na rada, EISCAT pale karibu na Tromsø, inapiga mawimbi ya redio yenye nguvu juu na elektroni, vile vichembe vyenye chaji vya huko, zinarudisha kidogo mnooo, lakini kwa hako kadogo wanajua wingi wake, joto na mwendo, usiku kucha. Mimi hii ndo inanivutia kuliko roketi zenyewe.

Babu akagusa redio yake ya betri. "Ndo maana hii usiku inashika stesheni za mbali?"

Jamani nilifurahi! Ni tabaka hilo hilo la hewa ya juu lenye elektroni, mchana sehemu yake ya chini inameza mawimbi ya redio, jua likizama inapotea, mawimbi yanapanda zaidi na kurudishwa chini mbali huko.

"Basi waje wapime na hapa Ugogo." Nikamwambia huku kwetu mistari ya sumaku imelala zaidi, kule karibu na ncha inasimama, chembe zenye chaji zinateremka nayo mpaka kwenye hewa, ndo aurora inawaka.

"Hata iliyolala ipimwe," akasema, na mimi nakubaliana naye kabisa.